Picha Sitini Zisizofanana

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliingia darasa la nne, nikachora ubaoni nyumba ya bati yenye mlango mmoja na madirisha mawili, mnazi pembeni, na jua lenye miale kwenye kona ya juu. Nikawaambia watoto, "Haya, choreni." Baada ya dakika 40 nikakusanya madaftari 62. Jioni nilipoyafungua nilikuta nyumba 62, minazi 62, na jua limekaa kona ileile ukurasa baada ya ukurasa. Tulikuwa bara, mwendo wa siku nzima kwa basi hadi pwani, na wengi wa watoto wale walikuwa hawajauona mnazi kwa macho yao. Walivyoviona kila siku, yaani mibuyu, mbuzi, foleni ya madumu kisimani, bibi anayeuza karanga langoni, havikuwamo katika daftari hata moja. Niliyevizuia ni mimi, kwa chaki yangu.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja cha kazi ya sanaa shuleni. Mwisho wa kipindi nazipanga kazi zote sakafuni na kuziangalia kwa pamoja. Zikifanana, najua watoto wamenakili tu kazi yangu. Zikitofautiana, hata kama nyingi zimepinda na rangi zimechuruzika, najua kila mmoja amefikiri kwa kichwa chake. Ushauri wote ninaowapa walimu wenzangu wa shule za msingi na wa kidato cha kwanza na cha pili, na wazazi wanaotafuta la kuwashughulisha watoto wakati wa likizo, unatokana na kipimo hicho.

Jambo la kwanza, basi, ni kuacha kuanza na mfano. Anza na swali, au anza na kitu cha kushika. Badala ya "choreni nyumba", sema: "Chora mlango wa kwenu kama unavyouona ukirudi shule una njaa." Utapata mlango wa mbao wenye kufuli kubwa, utapata pazia tupu, utapata mama amesimama na mwiko, utapata mlango uliofungwa na hakuna mtu. Maswali mengine ambayo hayajawahi kuniangusha: Kuna nini chini ya kitanda chenu? Ile mvua iliyovuja ndani, mlikinga na vyombo gani? Nani huchelewa kulala kwenu, na anafanya nini? Watoto wa darasa la tatu hujibu kwa penseli upesi kuliko kwa mdomo.

Wapo walimu wanaoona mambo hayo ni madogo mno kuitwa sanaa. Wakumbuke Sam Ntiro, mchoraji wa Kichaga kutoka Machame aliyesoma na kufundisha Makerere. Alichora maisha ya kijijini kwao: watu shambani, watu njiani, watu wakijenga. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Hakwenda mbali kutafuta la kuchora. Lilikuwa limepita mbele ya nyumba yao.

Sasa vifaa, maana najua hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama. Mwalimu mwenye watoto 70 na fungu la fedha lisilotosha hata chaki hawezi kununua rangi za dukani. Asinunue. Karatasi ni maboksi ya sabuni na ya biskuti yaliyofunguliwa yakawa bapa, upande wa ndani usio na maandishi. Ukimwomba mwenye duka wiki moja kabla, atakuwekea. Brashi ni kijiti kibichi kilichotafunwa ncha kama mswaki wa mti mpaka nyuzi zikachanua. Gundi ni unga wa muhogo au wa ngano: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne au vitano vya maji, koroga kwanza kwenye maji baridi ili isifanye mabonge, kisha pika moto mdogo mpaka ing'ae. Tia chumvi kidogo isiwahi kuchacha. Gundi hiyo hushika karatasi na boksi vizuri kabisa, na mtoto akiilamba haina sumu.

Kwenye rangi nitakaa kidogo, kwa sababu kuitengeneza rangi ni mradi kamili peke yake, na pengine ndio ninaoupenda kuliko yote.

Pika uji mwepesi wa muhogo, uache upoe, uugawe kwenye vifuniko vya ndoo au vikopo. Huo uji ndio utakaoshikisha rangi kwenye karatasi. Weusi unapatikana kwa mkaa wa kuni uliotwangwa na kuchekechwa kwa kipande cha chandarua kuukuu, au kwa masizi ya sufuria. Weupe ni vipande vya chaki vilivyobaki ubaoni, ukavisaga. Usitumie chokaa, maana inaunguza ngozi na macho. Bluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, na ukiinunua ya bei ndogo kabisa itatosha darasa zima. Wekundu ni udongo wenyewe. Uanike, uutwange, uuchekeche mara mbili. Ukiuchanganya na kiini cha yai badala ya uji, ukikauka unashika sana. Waambie watoto kwamba kule Kolo, Kondoa, watu wa kale walichora wanyama na watu kwenye kuta za majabali kwa rangi nyekundu ya madini ya ardhini, na kwamba michoro ile iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtoto aliyetwanga udongo mwekundu kwa mikono yake huisikiliza habari hiyo kama ya jirani yake.

Njano ni manjano ya jikoni. Changanya vijiko viwili katika nusu kikombe cha uji. Kisha, watoto wakiwa wamekuzunguka, chota kidogo pembeni na utie chembe za magadi, au maji ya majivu yaliyochujwa. Ile njano inageuka hapo hapo kuwa nyekundu ya kahawia. Nimefanya hivi mara nyingi sana na bado kila darasa hupiga kelele. Kamulia ndimu juu yake na njano inarudi. Usieleze haraka. Waache wajaribu wenyewe, wabishane, wapate chungwa na hudhurungi za namna kumi. Mwalimu wa sayansi akija kuwafundisha asidi na besi atakuta wameshaziona kwa macho. Jambo moja tu: rangi ya manjano hupaushwa na jua, kwa hiyo picha zake zianikwe na kutundikwa kivulini.

Kuna rangi moja nyeusi niliyowahi kuwaona watoto wakiitumia nami nikawanyang'anya, ile ya kupasua betri kuukuu za redio. Unga ule una kemikali zisizofaa kushikwa wala kuvutwa puani. Rangi za mafuta za kupakia milango na magari nazo, pamoja na vimumunyisho vyake vyenye harufu kali, zibaki mikononi mwa watu wazima. Mkaa unatosha.

Ukishapata rangi, mradi ninaoupendekeza kwa darasa la nne mpaka la sita ni kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa. Hakuna mtoto asiyeijua, wengi wamebebwa mgongoni ndani yake, lakini wachache wameitazama. Leta kanga moja darasani, iwe kuukuu tu, na uitandaze. Waulize wanaona nini. Watalikuta pindo linalozunguka pande zote, wataukuta mji katikati, watalikuta jina limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Wapime kwa rula: takriban mita 1.5 kwa mita 1. Watu watatu wa dawati moja wataanza kubishana kama maua ya pindo yote yanatazama upande mmoja. Hapo umeshawapata.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kwa hiyo wanaoketi pamoja wawili wawili watengeneze doti: kila mmoja boksi lake, lakini mchoro uleule wa pindo, mji uleule, jina lilelile. Itabidi wakubaliane. Katika kazi hii kufanana hakunisumbui hata kidogo, maana wameamua wenyewe nini kifanane na nini, na doti 30 za darasa zitakuwa 30 kweli.

Muhuri ni kiazi mviringo kilichokatwa kati. Mwalimu ndiye mwenye kisu. Mtoto anachora umbo juu ya kiazi kwa msumari au kijiti, nawe unapunguza pembeni ili umbo libaki limeinuka. Kabla ya kukitumia kiazi kilaze kifudifudi juu ya kitambaa dakika kumi, maana kikiwa na maji rangi haishiki. Kipande cha sponji ya godoro kilichoshindiliwa ndani ya kifuniko na kumwagiwa rangi ndio pedi. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa nyota yenye pembe tano bila kuchongwa. Kikonyo cha jani la mgomba, kile kinene, kinatoa vyumba vyumba kama sega la nyuki. Waache watafute vyao: ganda la hindi, ncha ya kalamu, kifuniko cha soda. Mmoja atachonga herufi ya kwanza ya jina lake na kushangaa imetoka kinyume. Usimwonye mapema, kwa sababu akishagundua mwenyewe atawafundisha wenzake.

Kisha jina. Waambie lisiwe walilolisoma kwenye kanga ya mtu. Liwe neno ambalo wao wangependa mtu fulani alisome mama akipita amejifunga. Mwaka mmoja msichana wa darasa la tano, mkimya, aliyekuwa akiketi na binamu yake, aliandika pamoja naye: BABA RUDI MAPEMA LEO. Pindo lao lilikuwa la nyota za bamia, njano juu ya weusi, na katikati ya mji palikuwa na kiti kitupu. Sikuuliza. Niliitundika pamoja na nyingine zote, na siku ya kikao cha wazazi watu wengi walisimama mbele yake kuliko mbele ya ripoti za mitihani.

Kwa watoto wadogo zaidi, wa darasa la kwanza mpaka la tatu, mnyama mmoja anatosha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa hana turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vibao vya dari na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora miaka michache tu, na leo mtindo unaitwa kwa jina lake. Kosa linalofanyika mashuleni ni kumpa mtoto picha ya Tingatinga ainakili, twiga na Kilimanjaro nyuma. Mimi nachukua kutoka kwake mambo mawili tu: mandhari ya rangi moja, na mnyama anayejaza kibao. Kanuni ninayowapa ni kwamba mnyama aguse pande tatu za boksi. Mtoto mdogo ukimwacha huchora mbuzi wa ukubwa wa nzi katikati ya karatasi. Ukimpa kanuni hii, mbuzi analazimika kurefuka, kupinda shingo, kuinua mkia, na ghafla ana tabia. Na mnyama awe anayeishi naye: kunguru wa jalalani, paka wa buchani, kuku mwenye vifaranga, mjusi wa ukutani.

Sasa nije kwa wakubwa, maana hao ndio tunaowapoteza. Ukimwambia mtoto wa miaka saba achore, anachora. Ukimwambia wa miaka kumi na miwili, anafunika karatasi kwa mkono na kusema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1947: kuanzia miaka tisa hivi mtoto huanza kutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe, na akiona haifanani, huikataa. Kwa hiyo kijana anayesema hajui hafanyi uvivu. Jicho lake limetangulia mkono wake, na anaumia kuona pengo hilo. Ukimwambia "jitahidi" hujamsaidia. Mpe kazi ambayo kufanana si kipimo chake, au mfundishe kuona.

Kumfundisha kuona kunaanza na ndala. Kila mmoja avue ndala au kiatu kimoja na kukiweka juu ya dawati. Penseli ishuke kwenye karatasi, na kuanzia hapo macho yasiitazame karatasi mpaka dakika tano ziishe. Jicho litembee polepole kwenye ukingo wa ndala kama sisimizi anayepita, na penseli imfuate sisimizi bila kuinuka. Matokeo yatakuwa mistari iliyopishana, kisigino kimetoka nje, mkanda umerudi juu ya kidole. Watacheka, na wacheke. Hakuna anayeweza kuona aibu kwa kuwa hakuna aliyeweza. Lakini rudia zoezi hilo wiki tatu mfululizo, kisha waruhusu kutazama karatasi, na utaona ndala zenye visigino vilivyolika upande, zenye waya ulioshikilia mkanda uliokatika. Kijana aliyechora ule waya ameanza kuchora.

Kazi ambayo kufanana si kipimo chake ni ya vifuniko. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama vitambaa vikubwa vinavyoning'inia ukutani na kujikunja. Kwa kidato cha kwanza na cha pili jambo hili linawezekana. Kusanyeni vifuniko muhula mzima. Kila kikundi cha watu sita kipewe eneo la mita moja na kipange rangi zake chini kabla ya kuunganisha. Vile vya soda vina meno, hivyo vipondwe kwa jiwe mpaka kingo zilale, na kutoboa kwa msumari kufanyike juu ya ubao, mwalimu akiwapo. Kama darasa ni kubwa mno kwa nyundo, tumieni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji na mvigandishe kwenye boksi. Zoezi lenyewe ni kukubaliana, tena kwa mabishano makali, rangi ipi ipite wapi.

Nimesema sana juu ya kumwacha mtoto atende apendavyo, na sasa lazima niseme upande wa pili, nisije nikaeleweka vibaya. Kuna mambo katika sanaa yenye njia sahihi, na kumwacha mtoto ayakosee ni kumnyima. Nililiona hili kwa bibi mmoja tuliyemwalika aje kuwafundisha kusuka ukili. Walimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitika, akaketi chini juu ya mkeka wake mwenyewe, akachana ukindu kwa kucha bila kisu. Akawapa kila mmoja miali michache. Mvulana mmoja wa darasa la sita alisuka akaona amemaliza. Bibi akaupokea ule ukili, akaufumua wote kimya kimya, akamrudishia. Mvulana akasuka tena, ukafumuliwa tena. Mara ya tatu bibi akaupitisha kati ya vidole viwili, akafika mwisho, akaguna tu na kuuweka kando na vyake. Sijawahi kumwona yule mtoto amesimama wima namna ile.

Nilikwenda nyumbani nikifikiria kwa nini bibi aliweza kufumua kazi ya mtoto nami najizuia hata kuigusa. Nadhani ni hivi: ufundi wa mkono husahihishwa, wazo halisahihishwi. Ukili uliolegea utafumuka, chungu kilichoungwa vibaya kitapasuka, na hilo si suala la maoni. Lakini rangi ipi ipakwe, ng'ombe awe na miguu mingapi, mama awe mkubwa kuliko nyumba, hayo ni ya mtoto. Mwalimu anayeyachanganya mawili haya huishia kusahihisha ng'ombe na kuuacha ukili ufumuke.

Basi mtafuteni mzee mwenye ujuzi aliye karibu na shule: msusi wa mikeka au vikapu, mfinyanzi, fundi seremala, kinyozi anayechora mabango yake mwenyewe. Mwandikieni barua ya heshima, mwalikeni kama mgeni wa shule na si kama kibarua, mpeni kiti, chai na nauli. Kama ukindu haupatikani kwenu, watoto waanze kwa karatasi za magazeti zilizokatwa upana wa kidole, zikakunjwa mara mbili ziwe imara. Zikishasukwa zinashonwa kuwa kifuko cha penseli.

Ufinyanzi una siri chache tu. Udongo upimwe kwanza: viringisha kijiti cha unene wa penseli na ukizungushe kwenye kidole. Kikipasuka, udongo una mchanga mno, tafuteni kwingine. Uloweke, utoe mawe na mizizi, uukande kama unga wa chapati. Vyombo vijengwe kwa vijiti hivyo vilivyoviringishwa, kimoja juu ya kingine, na kila panapoungwa pakwaruzwe kwa kijiti na kupakwa uji wa udongo uleule. Bila mikwaruzo na uji, mkono wa kikombe utabanduka ukikauka. Kukauka kuwe kivulini, kazi imefunikwa kitambaa, si chini ya wiki moja, na kama mnataka kuchoma, ngojeni mpaka wiki mbili, maana maji yaliyobaki ndani ndiyo yanayokipasua chombo motoni. Kama hakuna mfinyanzi wa kuwaongoza, msichome. Sanamu iliyokauka tu, ikiwekwa mbali na maji, inadumu.

Kuhusu magari ya waya sina mengi ya kuwafundisha watoto, wanayajua kuliko sisi. Ninachoongeza ni karatasi: kabla ya kukunja waya, chora gari lako kutoka ubavuni, kisha kutoka juu. Na ncha zote za waya zipindwe ndani. Wasichana wapewe waya sawa na wavulana. Wavulana nao washone wanasesere wa magunzi na vitambaa.

Wakati kazi inaendelea, mwalimu afanye nini? Atembee, na mikono yake iwe nyuma. Nasema hili kwa uzito wote nilio nao: usiishike penseli ya mtoto kumwonyesha. Ukitaka kumwonyesha jambo, chukua kipande chako cha boksi na uchore hapo. Mstari wako mmoja katika picha yake unamwambia kwamba mingine yote ilikuwa mibaya, na yeye huuona mstari ule kila akiitazama. Badala ya "nzuri sana", ambayo humwambia mtoto kwamba umeshamaliza kutazama, muulize: "Hebu nisimulie, hapa pana nini?" Akisema, "Mwalimu, nimekosea," mjibu: "Ungependa paonekaneje?" Mara nyingi atapata njia ya kuligeuza kosa. Doa la rangi litakuwa wingu, au mbwa.

Alama ni jambo linaloumiza, kwa kuwa shule zinazitaka. Sitoi alama za kufanana. Natazama mambo matatu: amejaribu zaidi ya njia moja? Amemaliza alichokianza? Anaweza kueleza kwa nini amefanya hivyo? Kwa maswali hayo mtoto asiyejua kuchora na anayejua huanza mstari mmoja.

Na kazi zote zitundikwe. Zote, si kumi bora. Mtoto ambaye kazi yake haikutundikwa hajui kwamba ukuta ulikuwa mdogo; anajua tu kwamba yake haipo. Kama ukuta hautoshi, funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha na uzibane kwa vibanio vya nguo, katika kimo cha macho ya watoto na si cha mkaguzi. Chini ya kila kazi pawe na jina la mtoto na sentensi moja aliyoitamka yeye, ukaiandika kama alivyoisema. Baada ya wiki mbili kazi zirudi nyumbani mkononi mwa mwenyewe. Nanyi wazazi, msiulize, "Hii ni nini?" Mwambieni aketi awasimulie, kisha tafuteni msumari.

Kwa mwalimu anayeanza Jumatatu hii na hana chochote: Ijumaa mwombe mwenye duka maboksi manne. Jumapili pika kikombe kimoja cha uji wa muhogo na uuache upoe. Tia mfukoni vijiko vinne vya manjano kwenye karatasi, magadi kidogo, na ndimu moja. Watoto wavune vijiti njiani wakija shule, waanze kuvitafuna wakiwa mstarini. Weka ndoo ya maji na kitambaa mlangoni ili wanawe wakitoka, na acha dakika kumi za mwisho kwa ajili hiyo, maana hazitoshi kamwe zikiwa tano. Ubao uwe mtupu. Kisha waulize kuna nini chini ya kitanda chao.